Dakika Moja ya Majaribio Ifutwe

Kyela Mjini
9 Machi 2004

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima zangu. Kabla sijalalamika naungama jambo ambalo sijamwambia hata mama. Ile sidii ya harusi ya Anyosisye na Eliud wa Ndandalo, ambamo bibi harusi anasikika akisema "Ndiyo, nakubali" huku mdomo wa Mchungaji Lameck bado unauliza, niliitengeneza mimi. Anyosisye hakujibu mapema. Sauti ndiyo iliyotangulia picha kwa sekunde nne.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na sasa nafanya kazi katika duka la Mzee Haruni. Tunageuza kanda za video kuwa sidii kwa kompyuta. Mzee ana amri moja: kabla ya kugeuza kanda nzima, kata dakika moja, igeuze, iweke kwenye deki, uitazame. Siku ile sikufanya hivyo, maana duka lilijaa watu nami huona aibu kutazamwa. Kwa hiyo kosa si langu, ni la dakika yenyewe. Naomba Serikali iifute kwa sababu hizi:

1. Dakika hiyo si dakika. Kompyuta yetu huitafuna kwa robo saa, na umeme ukikatika tunaanza upya.

2. Inavunja mila. Televisheni yetu inatazama barabarani. Mwezi Januari Mama Ambwene wa Ipyana alifuata kanda yake. Kama ujuavyo, kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Dakika niliyoikata ikaangukia pale pale mzee huyo anapocheza ngoma. Mama Ambwene alijifunika khanga akaingia chini ya meza.

"Toka, shemeji, ameshapita!" alisema Dulla, fundi saa wetu.

"Mwongo wewe! Namsikia anakohoa!"

Dakika ilipokwisha alitoka, akaikataa sidii. Alisema hawezi kumbeba baba mkwe wake kwenye mkoba pamoja na dagaa.

3. Ni ubaguzi. Kinu cha mpunga cha jirani yetu kilibinafsishwa kizima kizima, bila mtu kumwomba mwekezaji asage hata debe moja tulione. Leo wanaishi humo popo. Hakuna aliyeulizwa, na waliokiuza wamepandishwa vyeo. Kama kinu kinaruhusiwa, kwa nini kanda ya harusi isiruhusiwe?

4. Inatuzoesha vibaya. Tukianza kuonja sidii, kesho wananchi watataka kuonja ahadi za wagombea kabla ya kupiga kura, na nchi haitakuwa na amani.

5. Haina faida kwa aliyekwisha kuharibikiwa. Mashangazi wa Eliud wameitazama sidii ile mara sita. Humo humo ngoma inalia kabla mpigaji hajashusha mkono, lakini hakuna anayesema mpiga ngoma ana haraka ya kuolewa. Ni Anyosisye tu. Wanamwita Bibi Ndiyo. Akiomba chumvi wanamwambia, "Ngoja kwanza uulizwe." Mama mkwe anataka ukoo ukae Jumapili kumjadili, na huenda akarudishwa kwao. Eliud alikuja dukani kuuliza, Mzee Haruni akamjibu, "Kompyuta haisemi uongo, mwanangu." Nami nilikuwepo, nikainamia soksi zangu.

Badala ya dakika hiyo napendekeza sheria rahisi: kila bibi harusi wilayani Kyela ahesabu hadi nne kimoyomoyo kabla ya kumjibu mchungaji. Mashine haitakuwa na haja ya kurekebishwa, wala mimi sitakuwa na haja ya kusema.

Wasalimie wapiga chapa wako na wote wanaosoma gazeti kwa kuazima. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Wako mtiifu,
Msichana pekee anayeendesha kompyuta ya video mjini Kyela

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Anyosisye alipoingia dukani, peke yake, na ile kanda kwenye kikapu. Alisema, "Mdogo wangu, hivi kweli nilijibu kabla sijaulizwa? Mimi mwenyewe nimeanza kuamini." Niliichukua kanda nikakata dakika moja, ile ya kanisani. Mara ya kwanza sauti ilitangulia. Nikarekebisha; ikachelewa. Mara ya tatu Mchungaji aliuliza, akafunga mdomo, Anyosisye akatazama chini, kisha akajibu. Aliomba nimrudishie mara nne, akilia na kucheka. Ndipo nikageuza kanda nzima. Jumapili ataipeleka sidii mpya kwenye kikao cha ukoo.

Basi dakika ibaki, tena Serikali iongeze nyingine kwa vinu. Ila kwamba mara ya kwanza sikujaribu, tafadhali Mhariri, ibaki siri yetu: yangu, yako, na ya wasomaji wako wote.