Ombi la Kumsajili Mjukuu Wangu Kuwa Ng'ombe

Mheshimiwa Seneta Rulon, mwanangu,

Salamu kutoka shambani. Viazi vimekubali mwaka huu, na magoti ya shangazi yako bado yananibeba. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba ofisi yako imsajili mjukuu wangu Kaylene kuwa ng'ombe. Sababu zangu ni hizi:

1. Majira ya kuchipua, mtamba wangu alikwama na ndama aliyefia tumboni. Thayne, daktari wa mifugo, alikunja mikono ya shati, akamtoa ndama, akamwokoa mama, akanywa kahawa yake akaenda. Hakumpigia simu wakili yeyote.

2. Siku zilezile chupa ya uzazi ikampasukia Kaylene, mimba ya miezi minne tu. Daktari wa hospitali akatuambia wazi kwamba mtoto hataishi. Halafu akampigia wakili wa hospitali. Wakili akauliza, "Anakufa?" Daktari akasema, "Bado." "Basi subirini." Nikamkamata daktari koti: "Tunasubiri nini, wewe?" Machozi yakamlengalenga. "Bibi Verla, nikimtoa mimba sasa hivi, kabla hajawa mahututi, naenda jela." Tukakaa tukiombea homa ipande, Rulon. Mimi, bibi yake, naomba homa! Ilipopanda wakamrusha kwa ndege hadi jimbo jirani la Oregon, ambako sheria yako ya kukataza kutoa mimba haifiki, akatibiwa huko. Alipona, lakini ilikuwa bahati.

3. Sheria yenyewe haitulii. Jaji huyu anaisimamisha, mahakama ya juu inairudisha. Siku hizi tunafungua redio asubuhi kusikia kama kuna theluji na kama mjamzito anaruhusiwa kutibiwa. Ng'ombe hawana usumbufu huo.

4. Yule daktari naye amehamia Oregon, na wodi ya wazazi imefungwa. Kaylene anataka kujaribu tena kupata mtoto. Nilimwendea Thayne, nikamwomba amzalishe. Akasema, "Mama, leseni yangu ni ya wenye kwato." Nikamjibu, "Hilo la kwato niachie mimi, Seneta ni mtoto wa kaka yangu."

Majani tunayo ya kutosha. Hereni ya namba haitamsumbua, sikio lile lina matundu matatu tayari.

Msalimie mkeo Janeal, wanao wote, na yule kijana mpole anayepokea simu zako na kusema umetoka.

Mpiga kura wako mtiifu,
Shangazi Verla

Tanbihi: Futa ombi. Kaylene ameisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akasema, "Bibi, mimi sigeuki ng'ombe. Itakayogeuka ni sheria." Kumbe ameshajiunga na wenzake kwenye kesi ya kuipinga, na mimi nimeandikwa shahidi. Nasikia Jumatatu utakuwepo kuitetea. Vaa sweta, mwanangu. Mle mahakamani kuna baridi, na mimi nina mengi ya kusema.