Nilivyotoboa Mdomo wa Simu Yangu

Marafiki, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si nguo za mwilini, tulieni. Afadhali zingekuwa hizo.) Naandika kwa sababu kuongea kwa simu siwezi, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Nianze na firigisi. Miezi mitatu iliyopita tulikwenda Butali kwa wazazi wa mume wangu, nikapewa kuku nimpike. Watu wa huku mnajua: kuku akipikwa, firigisi ni ya mzee mwenye boma. Haiulizwi, haigawanywi. Sasa mimi katika kumpasua yule kuku nikapasua na nyongo. Ikamwagikia firigisi yote. Nikaiosha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwa chumvi na ndimu. (Mimi ni mtu wa usafi, na hiyo ndiyo shida yangu maishani.) Nikaionja, bado chungu. Nikaitupa shimoni, nikafunika na jani la mgomba. Na badala ya kusema ukweli, nikanyamaza.

Mzee alifunua bakuli, akatafuta kwa kijiko, akatafuta tena, akafunika. Aliyesema ni wifi yangu Nelima: "Kwani kuku wa siku hizi hawakuwangi na firigisi?" Tulipoondoka, Mama mkwe hakunisindikiza hadi barabarani. Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Na huyu mama, jamani, nampenda. Nilipojifungua Faith ni yeye aliyekuja kukaa nami wiki sita, akinikanda kwa maji moto na kuniamsha ninywe uji. Kila Jumapili jioni tulikuwa tunapigiana simu tunasimuliana wiki nzima: nani amezaa, ng'ombe wa nani ameingia kwa miwa ya nani. Miezi mitatu sasa, Jumapili jioni naikalia tu simu naitazama. Haiiti.

Mume wangu, Baba Faith, ambaye huendesha trekta la miwa, amebembeleza pande zote mbili mpaka ikakubaliwa kwamba leo saa tisa nipige simu.

"Mama atakuwa amekaa na Mzee na Nelima," akaniambia asubuhi. "Wewe omba msamaha, eleza habari ya nyongo, basi. Na hiyo simu yako uipeleke kwa fundi kwanza. Sauti yako inatokanga ni kama uko ndani ya debe."

"Fundi wa nini?" nikamjibu. "Mimi mwenyewe ni fundi."

(Wa nguo. Nashona hapa hapa nyumbani, kwenye veranda.)

Simu yenyewe ilikuwa chafu kweli, sikatai. Mchana inakaa kati ya chaki na nyuzi, jioni inakaa jikoni kando ya unga. Saa saba nikafungua video ya mtu mmoja mpole anayeeleza jinsi ya kusafisha simu nyumbani. Akasema, kwanza zima simu. Nikazima. (Video nayo ikazimika, maana nilikuwa naitazama humo humo. Nikaiwasha tena.) Akaendelea. Toa kava, lioshe kando kwa sabuni. Usiimwagie simu maji wala usiipulizie dawa. Lowesha kitambaa laini kidogo tu, ufute kioo. Kwenye matundu tumia mswaki laini, mkavu. Halafu akaanza, "Na tafadhali, usije ukatumia..." Hapo nikamfunga. Nilikuwa nimeshaelewa.

Sikuwa nimeelewa.

Lakini mwanzo nilifanya vizuri, nisijionee. Simu nikaizima. Kava likatoa maji ya rangi ya chai. Kioo nikakifuta mpaka nikajiona uso, na chunusi zake. Kwa mswaki wa zamani wa Faith nikachokonoa tundu la chaji, nikatoa nyuzi nyekundu za gauni nililoshona Krismasi. Nyuzi za Krismasi! Nikawa na furaha ambayo nashindwa kuieleza kwa mtu asiyependa usafi.

Sasa, kando ya tundu la chaji kuna katundu kengine. Kadogo, peke yake, kamejaa unga. Mswaki hauingii. Jamani, mnamwonyesha fundi wa nguo tundu lenye ukubwa wa sindano, mnatarajia nini? Nikachukua ile ya vifungo. Ikaingia, ikakwama kidogo. Nikasukuma. Ikafanya "tk". Nikasema moyoni, uchafu huo umeachia.

Nikawasha simu, nikaweka wimbo wa injili. Sauti ikatoka safi mpaka kuku wa jirani wakahama. Nikaridhika kabisa. Sikufikiria kwamba nimepima masikio tu, mdomo sijaupima.

Saa tisa kasoro akaingia Rispa, jirani yangu, kuja kujaribu gauni lake la kwaya. Nikamvisha, nikamtia pini kiunoni, mabegani na makwapani. Nikamwambia, "Simama hapo usiguse kitu. Napiga simu dakika tano."

"Kwa nani?"

"Mama mkwe."

Rispa akasahau pini, akataka kukaa. Akakumbuka haraka.

Hotuba nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Ndefu, nzuri, na nyongo iko humo. Nikapiga. Ikaita mara mbili.

"Hallo?"

Mama! Miezi mitatu sijaisikia sauti hiyo. Nikapiga magoti pale pale kwenye simenti, simu sikioni, karatasi mkononi, nikaanza. "Mama, mulembe. Ni mimi mtoto wako, nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu..."

"Hallo?" akasema tena.

Nikaongeza sauti. (Si niliambiwa niko ndani ya debe?) Nikafumba macho nikaendelea, maana hotuba nilikuwa nimeikariri. Nikamweleza nyongo ilivyopasuka. Nikamweleza chumvi na ndimu. Nikamwambia niliogopa kumwaibisha mbele ya Mzee, nikanyamaza, na kwamba kunyamaza ndilo kosa langu. Nikamkumbusha zile wiki sita za Faith. Hapo nikalia. Rispa naye akalia, akajifuta na mkono wa gauni ambalo sijamaliza kulishona. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nimekukosa sana." Nikanyamaza kusubiri.

Upande wa pili Mzee akakohoa. Kisha nikamsikia Nelima: "Bado amenyamaza?"

"Bado," Mama akasema.

Nikafungua macho. "Mama! Naongea! Nimeongea yote!"

"Hallo? Mwanangu, uko?"

"Niko!"

"Hayuko," akasema Mzee.

"Ako, dakika zinahesabu," akasema Nelima. "Ameamua tu hataongea."

Nikatikisa simu. Nikaipuliza. Nikaipiga kwenye goti. Nikaigeuza, nikaongea na kale katundu moja kwa moja nikiwa nimekabusu kabisa. Hakuna. Wao nawasikia mpaka kijiko kikigonga kikombe. Ndipo nikaikumbuka ile "tk".

Na hapo Mama akasema maneno ambayo yatanikaa mpaka nizeeke. "Mwacheni, labda analia. Mimi hata hiyo habari ya msamaha niliimaliza kitambo. Nataka tu kusikia sauti yake. Hii nyumba imekuwa kimya sana Jumapili."

Jamani! Nililia kwa kelele. Hakuna aliyenisikia isipokuwa Rispa.

Ningekata hapo. Ningekata hapo, nikachukua gari nikaenda Butali, leo ningekuwa mtu wa maana. Lakini Nelima akasema, "Mama, wewe unajidanganya. Huyo anaringanga. Alimnyima Mzee firigisi, sasa anakunyima hata sauti."

Kisha Mama akasema polepole, "Labda ni kweli."

Damu ikanipanda.

"Wanasema nini?" Rispa akanong'ona. "Weka spika nami nisikie."

Nikaweka spika. Na kwa kuwa nilijua hakuna anayenisikia, nikafungua mdomo.

"Sikia, Rispa! Ati naringa! Mimi nimepiga magoti hapa mpaka simenti imenichora, halafu Nelima ananiita mwenye maringo! Nelima ambaye chai yake ni maji ya kuoshea vikombe! Na hiyo firigisi ilikuwa na nyongo! Anayeitaka sana akaichimbe, iko kwa shimo nyuma ya choo! Na Mama naye, miezi mitatu amenuna kwa kinyama cha ukubwa wa kidole! Mimi obusuma yake haiivangi! Miaka minane namezanga ugali wenye unga mbichi katikati, nikitabasamu! Nimewahi kununa? Niambie, Rispa, nimewahi?"

Rispa akanikodolea macho. Alikuwa anajaribu kunipungia mkono, ila pini za kwapani zilikuwa zinamzuia. Alikuwa amegundua kitu ambacho mimi, kwa kelele zangu, sikukigundua. Kule Butali kijiko kilikuwa kimeacha kugonga kikombe.

Kisha Mzee akauliza, taratibu kabisa, "Nyuma ya choo?"

Nilitaka simenti ipasuke inimeze.

"Kumbe obusuma yangu haiivangi," akasema Mama.

"Mama..." nikasema. Na huyo "Mama" akafika, safi, bila debe. Neno moja zuri kati ya yote.

"Nilisema nataka tu kusikia sauti yako, mwanangu," akasema. "Haya. Nimeisikia."

Akakata.

Nikapiga tena, hakushika. Nikapiga mara nne. Nikabaki nimepiga magoti, karatasi ya hotuba imelowa machozi. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri ukurasa mzima na yote yameishia kwa Rispa na cherehani. Yaliyofika Butali ni yale mengine. Ningeweza kulaumu simu, lakini yale mengine sindano haikuniwekea mdomoni. Yalikuwemo. Miaka minane yalikuwemo, na huyo mama hakuwahi kunikosea zaidi ya kuuepua ugali mapema kwa sababu anajua wajukuu wana njaa.

"Si ungetumia simu yangu?" Rispa akauliza.

"Iko wapi?"

"Kwa kikapu."

Kikapu kilikuwa kando ya goti langu muda wote.

Nikamtoa pini, nikaenda mjini kwa fundi. (Wa simu.) Mzee mmoja wa miwani, mtaratibu. Akaigeuza simu, akaangalia chini kwa taa.

"Mama, uliingiza nini hapa?"

"Hewa."

"Mama."

"Sindano."

"Ya ukubwa gani?"

"Ya vifungo."

Akavua miwani, akaiweka mezani. Akanieleza kwa upole kwamba tundu hilo halikuwa la uchafu, ni mauthpisi, mdomo wenyewe wa simu, na kwamba ule unga ungetoka kwa mswaki mkavu kama ningekuwa na subira. Nikamuuliza, mbona nilipoweka spika walinisikia? Akanionyesha katundu kengine huku juu. "Hii simu yako iko na mdomo wa pili. Ukiweka spika, inatumia huu."

Mdomo wa pili! Mimi mmoja tu umenishinda.

Anasema kifaa kipya kitatoka Kisumu, nisubiri. Nikiwa pale pale kwenye benchi lake nikafungua ile video, nikaimalizia nilipoiachia. Yule mtu mpole bado alikuwa anasubiri. "Na tafadhali, usije ukatumia sindano wala kitu chochote chenye ncha." Nikamwambia asante. Fundi akaniangalia, akahamisha kiti chake kidogo.

Jioni hii Baba Faith ameniandikia kutoka Butali. Alipita kwao akitoka kazini, maskini, akidhani anaenda kusherehekea. Ujumbe wa kwanza: "Umefanya nini?" Wa pili, baada ya muda: "Mama anasema Jumamosi uje. Usibebe zawadi. Ubebe unga. Utasonga obusuma na yeye atakaa kwa kiti akuangalie." Wa tatu: "Mzee anasema ubebe na kuku. Mzima. Atampasua yeye mwenyewe."

Nimeusoma ule wa pili labda mara ishirini. Sijui kama nimesamehewa au nimeshtakiwa. Lakini amesema nije, na atakaa pale nikipika. Ugali huo nitausonga mpaka mkono uchoke. Na kitu cha kwanza nitakachomwambia, nikiwa mbele yake bila simu yoyote katikati, ni yale ya kwenye karatasi.

Nawaomba msinicheke. Na anayeshindwa kujizuia asinipigie simu kunichekea, maana spika siiweki tena kamwe: nitamsikia neno kwa neno na yeye hatasikia nikijitetea.