Anaonekana, Lakini Haiko

Mwezi wa tisa, siku ya soko, wakazi wa Kabambare walitangaziwa furaha kubwa: kuanzia asubuhi ile, hakuna mtoto atakayebaki nje ya masomo. Asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, anayejifunza polepole, wote wangepokewa katika masomo ya kawaida, benchi moja na wenzao. Tangazo lilitolewa na Shefu Magloire mwenyewe, mkuu wa Biro, yaani ofisi, ya Kupokea Kila Mtoto, amesimama juu ya meza ya muuza chumvi na megafoni mkononi. Alilisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa Kifaransa, ili liwe la kweli, mara ya pili kwa Kiswahili, ili lieleweke, na mara ya tatu kwa Kifaransa tena, kwa sababu alikuwa akijisikiliza na hakutaka kujikatiza. Muuza chumvi aliambiwa avumilie, maendeleo yako juu ya meza yake.

Dieudonnée, muuza mawese, alikuwa hatua tatu kutoka pale, na alisikia kila neno. Watu wote walimwita Mama Laura, kwa jina la binti yake. Laura alikuwa na miaka minane. Homa ya mwaka wa tatu ilimwachia macho makali, mikono myepesi na masikio yasiyosikia kitu, hata radi. Shule ya kwanza ilimkataa kwa sababu hapakuwa na benchi. Shule ya pili benchi lilikuwepo, ila mkuu alisema mtoto huyu angewasumbua wenzake, akamshauri mama ajaribu Kasongo. Kasongo wakamwambia labda Kindu wanajua mambo kama hayo. Mama Laura alirudi nyumbani juu ya pikipiki, na mwana mgongoni, na matope mpaka masikioni, akiapa kwamba kama Kindu wangemtuma Kinshasa angelala barabarani.

Kwa hiyo aliposikia lile tangazo hakungoja mara ya tatu. Alifunika bidoni zake za mawese, akamkamata Laura mkono, wakaenda kuandikishwa siku ile ile.

Na kweli, alipokewa. Tuseme haki ya Biro: alipokewa vizuri. Aliwekwa katika klasi ya pili, benchi la mbele, kwa Mwalimu Ramazani, mwanamume mrefu ambaye tangu siku hiyo aliacha kuongea na ubao na kuanza kuongea na watoto uso kwa uso, ili Laura asome midomo yake. Watoto wenzake walijifunza ishara zake ndani ya juma moja, wakaongeza nyingine za kwao za kumtania mwalimu. Ishara ya Ramazani ilikuwa kidole kuonyesha dari. Kwenye hesabu Laura aliwashinda wote, akarudi nyumbani kila siku na chaki puani na furaha isiyo na mfano. Mama yake alimtazama akiandika majina ya kuku kwenye ukuta wa jiko na roho yake ikatulia, kitu ambacho hakikutokea miaka mitano.

Juma la sita, Mwalimu Ramazani alimfuata sokoni. Hakununua kitu. Alisimama akizungusha kofia.

"Mama Laura, iko neno," akasema. "Mutoto anakosa masomo."

"Nani?"

"Laura. Siku makumi mbili na sita hajafika. Akifikisha makumi tatu, anafutwa."

"Mwalimu, mi namuleta kila asubuhi mpaka kwenye mulango. We mwenyewe unamupokea."

"Mi namuona, mama. Kitabu ndiyo hakimuoni."

Hapo akamweleza habari za Mwongozo Namba Nne. Zamani, jina likisomwa asubuhi, mtoto aliinua kidole. Shefu Magloire aliuchunguza utaratibu huo kwa undani akagundua hatari yake: kidole kimoja hufanana na kingine, mtu anaweza kumwinulia rafiki yake. Sauti, kinyume chake, ni mali ya mtu. Basi Mwongozo Namba Nne ukaamuru kwamba kuwepo kunathibitishwa kwa sauti peke yake. Jina likisomwa, mwanafunzi anasema "Prezan". Asiyesema, haiko. Ramazani alijaribu mara mbili kumwandika Laura kuwa yuko, na mara mbili alipata barua ya kujieleza, kwa nini anajaza kitabu cha Leta, yaani cha serikali, na watoto hewa.

Mama Laura alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na woga, maana aliujua mwisho wa safari hii. Ulikuwa jiko lile lile, ukuta ule ule, na mtoto akiwatazama wenzake wakipita na vitabu. Asubuhi yake alimvika Laura nguo ya Jumapili akaenda naye Biro.

Shefu Magloire aliwakaribisha kwa heshima. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, macho amefunga, vidole vimeshikana juu ya tumbo.

"Mama," akasema, "mi nakuelewa sana. Mutoto yako anaonekana. Hakuna mutu anabisha. Anaonekana, lakini haiko."

"Haiko namna gani, papa? Si huyu hapa amesimama?"

"Amesimama kwa macho. Kwa Biro, bado. Anahitaji cheti cha kuwepo."

"Bon, muandikie."

"Cheti kinaombwa na mwenyewe, kwa mudomo."

Laura aliwatazama mmoja mmoja, akimfuata Shefu midomo bila kukosa hata neno. Shefu naye aliinama juu ya meza, akamtazama mtoto kuanzia utepe wa kichwani mpaka kandambili, akachukua kalamu, akaandika polepole kwenye daftari la wageni: Mwombaji hakufika.

"Pole sana," akasema kwa huruma ya kweli. "Unajua, mama, sikio la kufa halisikii dawa."

"Sikio yake haijakufa, papa. Imefungwa tu. Kuna ofisi nyingi hivyo."

Shefu alicheka, maana alidhani anasifiwa. Kisha akawaomba radhi: alikuwa na kazi. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Kasongo kuhesabu wafanyakazi wote wa Leta, ili majina hewa yafutwe, na wananchi walipaswa kujulishwa tukio hilo kwa uzito wake.

Akawajulisha siku tatu mfululizo. Alizunguka nyuma ya pikipiki, sokoni, kanisani, msikitini, mpaka njia ya Salamabila, na megafoni mdomoni. Siku ya pili betri zilikwisha. Shefu aliendelea kupiga kelele bila betri, megafoni akiishika pale pale mdomoni kwa heshima ya cheo. Siku ya tatu jioni alinyamaza, na watu wa Kabambare wakadhani amemaliza.

Mkaguzi alifika kesho yake, siku ya thelathini ya Laura. Alikuwa Madame Cécilia, mwanamke mkavu mwenye buti za mpira na kalamu moja aliyoifungia shingoni. Wafanyakazi walijipanga uani mwa Biro. Mama Laura naye alikuwepo tangu asubuhi, na binti yake na kibao chake cha kuandikia, maana orodha ya watoto wa kufutwa ilikuwa inapelekwa Kasongo na mkaguzi huyo huyo. Alikusudia kumwomba, na kama kuomba kungeshindikana, alikusudia kulala mbele ya pikipiki yake.

Madame Cécilia alianza kwa kutoa shukrani. Kasongo, alisema, imeusoma Mwongozo Namba Nne, kazi ya akili kubwa iliyoandikwa hapa hapa Kabambare, na imeamua kuutumia kwa wafanyakazi wote. Leo kila mtu atathibitisha kuwepo kwake kwa sauti. Asiyesema, haiko, jina linatoka.

"Pitchou."

"Prezan," akasema Pitchou, karani.

"Magloire."

Shefu alitoka mbele, akavuta koti, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tupu, kama tairi la baiskeli likiachiwa.

"Magloire, mara ya pili."

Shefu alijipiga kifua. Alionyesha mlango wenye jina lake. Alikimbia ndani akatoka na picha yake ya ukutani, akaiweka kando ya uso wake ili mtu yeyote alinganishe. Madame Cécilia alimtazama juu ya miwani.

"Kuna mutu ananisumbua," akamwambia Pitchou. "Ni nani huyu?"

Pitchou alifikiri sana. Alikuwa na barua nne za kujieleza kwenye faili lake.

"Madame, kufuatana na mwongozo, siwezi kumujua."

Laura ndiye aliyesogea. Alikuwa amemtazama Shefu midomo muda wote, akaandika kwenye kibao, akakiinua: ANASEMA YEYE NI MAGLOIRE.

"Nani ameandika?" akauliza Madame Cécilia.

"Ni mutoto yangu, Laura," akasema mama.

Mkaguzi akafungua orodha. "Laura, klasi ya pili, siku makumi tatu haiko. Mama, mutu ambaye haiko hawezi kushuhudia mutu mwingine kwamba iko."

Mama Laura alihisi moto ukimpanda. Kisha, katikati ya ule moto, akahisi kicheko, akakizuia kwa meno.

"Ni kweli, madame," akasema. "Mwongozo ubadilishwe kwanza. Na mwenye kuubadilisha ndiye yule anashika picha."

"Leo haiko. Sahihi yake ni ya mutu hewa."

"Na jana? Jana Kabambare yote ilimusikia."

Madame Cécilia alisimamisha kalamu. Katika miaka yake ya ukaguzi hakuwahi kukutana na raia anayeelewa kazi.

"Basi aandike tarehe ya jana," akasema.

Pitchou alileta karatasi. Mama Laura akasema maneno, karani akaandika: Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, kuwepo kunathibitishwa kwa kidole. Jina lisomwe kwa kumwelekezea mtu chaki. Sauti haihesabiwi. Shefu Magloire alisaini bila kusoma, kama alivyozoea, akapiga muhuri mpaka meza ikalia. Madame Cécilia akachukua orodha, akafuta mistari thelathini ya siku za Laura, mmoja baada ya mwingine, na Mama Laura akiihesabu yote. Wa thelathini ulipofutwa machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alimwonyesha binti yake ile orodha. Laura alisoma jina lake, akasoma tena.

Ndipo akaulizwa, kama mtu aliyepo kamili, kama huyu bwana naye yupo. Laura alimtazama Shefu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, bila haraka. Akaandika: AINUE KIDOLE.

Shefu akainua.

"Vizuri," akasema Madame Cécilia. "Bahati mbaya kitabu cha wafanyakazi hakina fasi ya vidole. Kinachokuwa nayo ni kile cha klasi ya pili. Ataandikwa kule kila asubuhi, mpaka Kasongo ijibu."

"Na Kasongo inajibu?" akauliza Pitchou.

"Sana. Baada ya Noeli."

Hivyo Jumatatu iliyofuata Shefu Magloire alikaa benchi la mbele, kando ya Laura, magoti karibu na kidevu. Watoto walimpa ishara yake siku hiyo hiyo: ngumi mdomoni. Jumatatu aliinua kidole, akaandikwa. Jumanne pia. Usiku wa Jumanne mkewe alimpa tangawizi na asali, na Jumatano asubuhi sauti ilirudi yote. Mwalimu Ramazani alipomwelekezea chaki, Shefu alisimama kwa shangwe, mikono mfukoni, akatoa "Prezan" iliyosikika mpaka sokoni.

Laura aliruka kidogo, maana benchi lilitetemeka. Akamgusa kiwiko, akamwonyesha kidole chake mwenyewe, juu, namna hii. Shefu hakumtazama, alikuwa akijisikiliza.

Ramazani aliusoma mwongozo uliobandikwa ukutani, akaufuata mstari kwa mstari mpaka kwenye sahihi na muhuri. Kisha akaandika kwenye kitabu, akachomoa karatasi nyeupe kwa ajili ya barua ya Shefu ya kujieleza kwa nini haiko, na kumwomba radhi kwa usumbufu.

Dirishani Mama Laura alikuwa akipita na bidoni ya mawese kichwani. Alisimama, akatazama ndani.

"Pole, papa," akasema. "Unaonekana."