Shati la Kwendea Ustawi

Jumanne, 4 Machi
Barua imefika kibandani. Ijumaa niende kwa afisa ustawi wa jamii nikaeleze kwa nini matunzo ya mtoto yamechelewa miezi miwili. Miwili tu! Mama Kifungo hajawahi kuwa na subira, ndiyo maana tuliachana. Kifungo ni binti yetu, ana miaka minane. Tangu anatambaa anaokota vifungo chini ya cherehani yangu. Nimepata wazo. Nitaomba nipunguziwe nusu kwa sababu ya umaskini. Kilichobaki ni kuwa maskini.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamishia cherehani mbili nzima kwa dada. Shemeji analalamika kwamba moja imeziba mlango wa choo. Kibandani nimebakiza ile mbovu. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao, wakaenda kwa jirani, yule asiyejua hata kukunja pindo! Dada kanikumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu siumwi.

Alhamisi, 6 Machi
Kifungo kapita akitoka shule. Nikamwambia baba siku hizi analala njaa, ili habari zimfikie mama yake. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani. Akaondoka, hata vifungo hakuokota.
Jioni nimelichana shati la kwendea ustawi. Kiwiko, kola, mfuko. Kazi safi!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Mama Kifungo kalitazama shati mara moja tu, akamwambia afisa kuwa nguo iliyochakaa huchanika ovyo, haifuati mstari. Miaka sita alikaa pembeni yangu akishona matundu ya vifungo. Mkasi wangu anaujua.
Afisa akavua miwani. Nikajua nimekwisha. Ndipo Kifungo, aliyekaa kwenye benchi na begi lake akisubiri kupelekwa shule, akasimama. Akaomba asilipiwe tena chakula cha mchana shuleni, pesa hiyo apewe baba, ale. Mama yake akajifunika uso kwa mtandio, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba basi, matunzo yapunguzwe nusu, yaishe.
Nimeshinda! Sijui kwa nini nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepika nyama kujipongeza. Hodi! Kifungo, na kopo mkononi. Nikasukuma sufuria uvunguni. Ndani ya kopo mna maharage ya shuleni ya jana, nusu ya chakula chake, na kijiko juu. Akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Akasema majirani zangu wana bahati, wanapika nyama. Akaahidi kuleta kila siku ya shule.
Alipoondoka nililia. Kweli nililia. Mimi ni mtu mbaya. Jumatatu nakwenda ustawi kusema ukweli wote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetoka mapema kwenda ustawi. Njiani nikakumbuka kuwa lile kopo halifungi vizuri. Juzi mchuzi ulimwagikia gauni la mtoto. Baba gani anavumilia hilo? Nikageuza. Nimechukua cherehani moja kwa dada, nimeshinda nayo kutwa nzima. Nimemshonea Kifungo mfuko wa kubebea kopo. Bitana mbili, zipu, mkanda wa begani, kifungo chekundu mbele. Mama yake akiuona atajua nani anamjali huyu mtoto.
Nimeupima. Makopo mawili yanaenea.