Mkwe Aliyemnyamazia Mama kwa Ajili ya Ndege

Habari iliyotufikia kijiweni kabla kahawa haijachemka ni kwamba mke wa Spika amebeba watoto na kurudi kwa mama yake, na kisa ni ndege.

"Ndege gani huyo anayevunja nyumba za watu?" aliuliza Wakili, ambaye mahakamani amewahi kufika kuuza karanga tu.

Spika mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi, darubini shingoni, kainama. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuzimwa. Sasa amepata kazi ya kuongoza wageni wa ng'ambo wanaokuja kutazama ndege, na sharti la kwanza la kazi ni kunyamaza.

"Eleza mwenyewe," alisema Fundi, mshona viatu na mwenye benchi. "Tusije tukakuzulia."

"Jana asubuhi niko na wageni kule bondeni, tumechuchumaa mpaka miguu imekufa ganzi. Mara ndege katokea! Kifua cha manjano, jina lake refu kuliko mwili. Kuna bibi mmoja kavuka nusu ya dunia kwa ajili yake, machozi yanamlenga. Nageuka nyuma, namwona mama mkwe anakuja na beseni la nguo kichwani."

"Ukampa shikamoo yake," alisema Fundi.

"Ningempaje? Wiki iliyopita nilisalimiana na mzee mmoja njiani. Habari za nyumbani, habari za mbuzi, tulipofika kwenye afya ya shangazi yake, bonde zima halina hata unyoya. Bosi akaniambia, ukirudia, rudisha darubini."

"Kwa hiyo ukampita mama wa watu kama nguzo ya umeme?"

"Yeye ndiye aliyesimama. Akatua beseni, akaningoja."

"Na wewe?"

Spika aliinua kidole polepole, akakiweka mdomoni.

Benchi liliripuka. Kahawa ya Wakili ilimwagikia suruali na hakuhisi.

"Umemnyamazisha mama mkwe?"

"Kwa ishara tu!"

"Ishara ndiyo mbaya!" alisema Wakili. "Tusi la mdomo unaweza kulikana. La kidole lina mashahidi, tena wa ng'ambo!"

"Mtu mzima na akili zake," Fundi alidakia, "anamziba mzazi mdomo kwa sababu ya kitu kisichojaza hata kijiko!"

"Hicho kitu ndicho kinachowalisha wanangu," alisema Spika, sauti ikamshuka. "Nikiacha kazi, nitawalisha nini? Nisipoacha, nitamlisha nani?"

Hapo hakuna aliyecheka.

"Nenda kaombe radhi, ndugu yangu," alisema Wakili kwa upole. "Piga magoti. Unyenyekevu haujamvunja mtu goti."

"Nilikwenda jana jioni. Kabla sijafungua kinywa, mama akaweka kidole mdomoni, akafunga mlango."

Tulikuwa bado tunaumwa mbavu kwa kucheka alipotokea mama mkwe mwenyewe, kandambili iliyokatika mkononi. Wote tulisimama, hata Fundi, ambaye husimama kwa mvua tu.

"Shikamoo mama!" Spika alifyatuka. "Umeamkaje mama? Mgongo je? Na goti lile? Kuku wanataga? Majirani hawajambo? Watoto wamelala salama? Na mama yao je?"

Mama alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Marahaba," alisema. Akampa Fundi kandambili. "Na yule ndege wako, mlimwona?"

"Tulimwona mama. Yule bibi alilia."

"Alilia?" Uso ulimlegea. "Mtu mzima kulizwa na ndege! Basi ana moyo. Hao wa manjano wamejaa kwenye mpera nyuma ya jiko langu. Kesho walete wageni wako. Mkeo atachemsha chai, kisha mtarudi kwenu na watoto."

Spika alifumba macho, midomo ikimcheza. Nafikiri alikuwa anamshukuru Mungu.

"Ila kwangu mtu haingii kama mwizi," aliendelea mama. "Kila mgeni atanisalimia, kwa sauti, na kuniuliza habari za nyumbani."

"Mama, ndege watakimbia!"

"Ndege wangu?" Mama alimtazama kwa huruma. "Wale humkimbia aliyenyamaza tu. Wanajua ana manati."