Bomba Lililosajiliwa

Kwa furaha isiyo kifani, umma ulitangaziwa kuzaliwa kwa Ofisi ya Kuondoa Vikwazo. Tangazo lilibandikwa hata mlangoni pa zahanati. Mkunga alilisoma huku akihema, maana alikuwa ametoka kupanda na mjamzito mgongoni. Wajenzi walikuwa wameacha bomba la zege limelala katikati ya njia ya kupanda zahanati, limezuiwa kwa mawe mawili, na tangu hapo hakuna gari lililopita.

Akateremka hadi Ofisi, ng'ambo ya barabara.

"Mzee, ni bomba moja tu. Watu sita tunalibiringisha pembeni."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, hapo ndipo mnapotuangusha. Kikwazo hakiondolewi ovyo. Kinatambuliwa, kinasajiliwa, kinajadiliwa. Siku tisini."

Mkunga si mtu wa kumhukumu mtu haraka. Alijaza fomu nne, akaleta mashahidi wawili.

Ofisi haikulala. Kesho yake bomba lilipakwa namba, likapata kibao, KIKWAZO HALALI, USIGUSE, na mlinzi mwenye kiti. Waraka wa Mkurugenzi ulikataza mtu yeyote kulisogeza, bila kujali cheo wala dharura. Wiki ya tatu liliundiwa kamati, nayo ikaripoti kwamba bomba linaendelea vizuri. Mkunga akaendelea kubeba watu.

Siku ya arobaini, gari la serikali lilifunga breki mbele ya bomba. Mkurugenzi alishuka, tai begani. Kiti cha nyuma, binti yake alikuwa akilia kwa uchungu.

"Toa hilo dude!"

Mlinzi akapiga saluti, akafungua waraka. "Bila kujali cheo wala dharura, mzee. Saini yako hii hapa."

"Mimi ndiye niliyeuandika!"

"Na umeuandika vizuri kweli."

"Baba, nazaa humu garini!"

Mkunga, aliyeteremka mbio aliposikia kelele, aliwageukia kina mama wa kliniki waliomfuata. "Jamani, mikono! Dereva, sogeza gari pembeni! Haya, toeni mawe!"

Mlinzi alikuwa bado anatafuta adhabu ukurasa wa pili bomba lilipowaponyoka, likashika mteremko, likavuka barabara na kutulia mlangoni pa Ofisi, likauziba kabisa.

Gari likapanda. Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kutosha. Mkurugenzi alikuwa bado anafuta machozi simu ilipoita. Kamati nzima ilikuwa imefungiwa ndani.

"Mkunga, mwanangu, waite tena wale kina mama. Dakika moja tu."

Mkunga alikuwa akinawa mikono. Kupitia dirishani alimwona mlinzi akiteremka polepole, kiti kichwani, kibao kwapani, kulifuata bomba lake.

"Kwangu hakuna tatizo, mzee," alisema kwa upole. "Ila limehama. Itabidi lisajiliwe upya."

"Basi nipe hizo fomu!"

"Ziko ofisini kwako."