Kichwa cha Mzee Naumwa Mimi

Jumatatu, 6 Juni 1994
Mzee wangu Ambindwile kaamka tena ameshika kichwa. Tangu maduka ya dawa yafumuke kila kona ya Tukuyu, anatafuna vidonge vya maumivu kama karanga. Anameza asubuhi, anameza jioni, kichwa kipo palepale. Amenuna, hata ndizi hagusi. Nimemkanda maji baridi. Wapi! Nimemwambia twende zahanati. Kakataa katakata. Muuguzi ni Tulia, mke wa mwanetu Obed, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Tulia akikohoa tu njiani, mzee anaingia migombani. Kasema bora afe. Afe kwa ruhusa ya nani?

Jumanne, 7 Juni
Shule sikuingia. Kisomo cha ngumbaru ukubwani ndicho kilinipa herufi. Akili nilikuwa nayo. Nitakwenda mimi, nitaumwa mimi, dawa atameza yeye. Rahisi!

Jumatano, 8 Juni
Zahanati, Tulia kauliza, Mama, kinagonga upande mmoja na mwanga unakuudhi? Hicho kipandauso. Au kinabana pande zote kama kamba? Hicho cha uchovu na mawazo. Lo, mzee sikumuuliza! Nikaona nikijibu kidogo nitapewa dawa kidogo. Nikasema vyote. Akauliza kama kilinijia ghafla, kama shingo imekakamaa, kama mkono umekufa ganzi. Nikasema ndiyo, na mguu pia. Mtoto wa watu akabadilika rangi. Kasema hicho si cha zahanati, ni cha kukimbizwa hospitali sasa hivi.

Alhamisi, 9 Juni
Jana nilibebwa kwa machela! Lazaro jirani kalalamika nina uzito wa ng'ombe wa kuchinjwa msibani. Nikainuka nikamtukana vizuri. Tulia akanilaza, analia. Nyuma yetu mzee anafuata, kajifunika blanketi asimwone mkwe, kajigonga kwenye mgomba. Hospitali daktari kanipima, kaniona mzima kama ndama. Hapo mzee akalipuka: kichwa ni changu, msimuue mke wangu! Kapimwa yeye. Kumbe kumeza vidonge kila siku ndiko kunakoleta kichwa. Aache, kitazidi kwanza, halafu kitatulia. Tulia, nje ya mlango, kacheka mpaka kakaa chini. Ningemchapa. Lakini alivyokimbia na mimi, viatu mkononi! Huyu si mke wa mwanangu tu, ni mwanangu.

Jumapili, 3 Julai
Siku za mwanzo mzee alilia kama mtoto, nikamshikilia. Leo kaamka anapiga mluzi, kala ndizi sahani mbili. Watu kanisani wanamsifu daktari. Daktari! Aliyebebwa nani? Tulia kanisihi, Mama, safari nyingine mgonjwa aje mwenyewe, kuna muuguzi mwanamume siku hizi. Nimeitikia kwa heshima zote. Tumefika nyumbani, mzee kaninong'oneza jino linamtafuna.
Nimeshajifunga kitambaa shavuni. Upande wa kushoto, nadhani.